Kopo Lisilolia

Jumatatu, 17 Februari

Naanza kwa kujitambulisha, maana hata daftari lina haki ya kujua liko mikononi mwa nani. Naitwa Lucky, miaka ishirini na mbili, bodaboda wa Sombetini hapa Arusha, Chuga nzima inanijua. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mwandiko wangu unashinda wa daktari yeyote niliyewahi kumsoma, na nimesoma wengi, kwa sababu nimezaliwa na virusi. Marehemu mama aliniachia vitu viwili: jina na hivyo virusi. Mimi naviita Mpangaji. Anakaa ndani yangu, kodi halipi, ila nikimeza kidonge kimoja kila saa mbili usiku anajifungia chumbani wala hasumbui mtu.

Daftari nimepewa leo na Dada Paskalina, mshauri wetu pale kliniki. Mradi umefungwa. Wafadhili huko kwao wamekata hela, basi. Viti vya plastiki vimeshabebwa, kompyuta imebebwa, na yeye alikuwa anafungasha vikombe vyake kwenye boksi.

"Chukua hili, bado jeupe," akaniambia. "Andika maneno yako humo, uache kunimaliza masikio."

"Masikio yako yataniwaza, Dada."

Hakucheka. Dada Paskalina anacheka hata msibani. Nikaogopa kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 20 Februari

Dirisha la dawa. Pale anakaa Nathanaeli, Mmeru mmoja mrefu, tai imemkaba kama anadaiwa. Nimempa jina la Bwana Muhuri, maana hata ukipiga chafya anatafuta karatasi ya kugonga. Mwaka jana nilikuwa naondoka na dawa za miezi sita, makopo mawili makubwa. Leo kanisukumia kikopo kimoja cha vidonge thelathini.

"Braza, mimi huwa napewa sita."

"Mimi si braza wako. Zilizoko stoo zinatakiwa zitoshe watu wote. Mwezi mmoja mmoja, mpaka bajeti mpya."

"Inakuja lini?"

"Mwaka wa serikali unaanza Julai."

"Yaani masika yote yapite?"

"Julai," akasema, akagonga muhuri.

Jumamosi, 1 Machi

Nimepanda Oldonyo Sambu kumpelekea Naserian dawa. Naserian ni dada yangu, ingawa hatujazaliwa tumbo moja. Tumekua pamoja kwenye klabu ya watoto ya kliniki, tunacheza drafti kwa vifuniko vya makopo yetu ya dawa, na mimi nilikuwa namfunga kila siku (akikataa, muongo). Sasa ameolewa na Lemburis, mfugaji na mchuuzi wa ng'ombe, mtu mwenye fimbo ndefu na maneno mafupi. Lemburis hajui kwamba mkewe anameza dawa. Zahanati ya kule juu hawezi kwenda, nesi wake ni shangazi wa Lemburis. Kwa hiyo kadi yake iko mjini, kliniki ya ujauzito alikuwa anashuka kama vile anakwenda kumsalimia mama yake, na sasa tumbo limekuwa kubwa, mimi ndiye posta.

Niandike mbinu yangu hapa ili watakaokuja wajue aliyeibuni. Kopo la vidonge linalia. Ukiliweka chini ya siti, kuanzia Ngaramtoni mpaka juu ni cha-cha-cha, na siku hizi hakuna asiyeujua mlio ule. Mimi natupa kopo. Vidonge navimimina kwenye kitambaa, naweka pamba, nakunja, nafunga uzi. Kimya. Nimewafundisha watu kumi na moja. Naserian kitambaa chake anakitumbukiza ndani ya kibuyu cha maziwa kilichopasuka, anakitundika ukutani juu ya kitanda.

"Hata Lemburis akikitikisa," akasema, "hakisemi kitu."

"Mwalimu wako nani?"

"Wewe, mwenye kichwa kikubwa." Halafu akashika tumbo. "Lucky, huyu nataka azaliwe hana. Nesi alisema nimeze kila siku, nisiruke hata moja, mpaka nijifungue. Mimi na wewe tulipewa bila kuulizwa. Huyu hapana."

"Hatakuwa nacho. Nimesema mimi."

Vidonge thelathini. Nilivihesabu mbele yake.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Meru, mlima wetu, amejifunika mawingu wiki nzima na hatoi hata tone.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza leo saa sita mchana, ikaanza kwa fujo. Tumejibanza kijiweni chini ya turubai, redio inasema nchi itanunua dawa za UKIMWI kwa hela yake yenyewe, mambo ya kutegemea wageni basi, halmashauri nazo zichangie kwa mapato ya ndani.

"Mapato ya ndani ndiyo sisi," akasema Gadiel, mwenyekiti wa kijiwe, mtu wa tumbo na kofia. "Kila asubuhi nalipa ushuru wa maegesho. Kumbe nawanunulia dawa wazinzi!"

Watu wakacheka. Mmoja akasema bora hela ipeleke greda kwenye barabara ya Kwa Mrombo. Mwingine akasema wafe, wapungue.

Nani alicheka kwa sauti kuliko wote? Mimi. Nilijipiga hata mapaja. Ushuru huo huo nalipa na mimi, yaani kidonge changu nakinunua mwenyewe kidogo kidogo kila asubuhi, na nikacheka.

Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka mifupa. Saa mbili nimemeza.

Jumatatu, 24 Machi

Naserian kapiga. Siku zote hubipu, leo kapiga mwenyewe, tena kwa simu ya jirani.

"Vimeisha."

"Vimeishaje? Nimekuletea thelathini, leo siku ya ishirini na nne."

"Labda hukuhesabu vizuri."

"Mimi? Mimi nahesabu chenji huku nakata kona!"

"Basi umenipunja, Lucky. Umewagawia hao watu wako kumi na moja."

Nikamkatia. Nimekasirika mpaka nikasahau kula. Baadaye nikakumbuka kwamba Naserian hajawahi kunisingizia kitu tangu tuna miaka tisa. Na kuhesabu anajua. Sasa vilienda wapi?

Jumanne, 25 Machi

Bwana Muhuri kakataa.

"Tarehe yake bado. Anauza?"

"Amuuzie nani, mbuzi?"

"Anamgawia mtu?"

"Nathanaeli, ana mimba ya miezi saba na nusu."

Aliinua macho kwenye daftari lake, akaniangalia muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia. "Aje mwenyewe. Nikitoa mara mbili bila kumwona, mwisho wa mwezi kuna mtu mwingine atakuta dirisha tupu."

Aje mwenyewe! Na hilo tumbo, na barabara ile. Nimetoka nimemtukana kimoyomoyo, yeye, tai yake na ukoo wake. Halafu nikafungua kitambaa changu, nikatenga vidonge kumi. Mimi kijana, damu inachemka. Nitameza siku moja, nitaruka siku moja. Mpangaji hatajua.

Jana, leo na kesho: siku tatu Naserian hana cha kumeza.

Jumamosi, 5 Aprili

Jumatano ya wiki iliyopita nilimpelekea vile kumi, leo nimepeleka thelathini vya mwezi mpya. Makorongo yanatiririka, nimesukuma pikipiki mara mbili, magoti yote tope. Lemburis alikuwa langoni mwa boma. Amekonda. Shuka inamning'inia, anakohoa akigeuzia uso pembeni.

"Shikamoo, shemeji."

"Layoni wewe, umekuja tena?" Layoni ni mvulana ambaye bado hajatahiriwa. Hilo ni tusi, tena kubwa, na mimi nimetahiriwa miaka mitatu kabla hata hajaoa.

"Nimeleta sukari ya dada."

"Sukari kila wiki. Huyo mtoto atazaliwa keki."

Nikacheka, lakini macho yake hayakucheka. Yalikuwa yanaangalia siti yangu. Nadhani huyu anakunywa gongo kule mnadani, ndiyo maana amekwisha hivyo. Nilimwambia Naserian abadilishe mahali pa kuficha. Akasema boma zima halina kona ambayo watu hawapekui, kibuyu kibovu ndicho pekee ambacho hakuna anayekitaka.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Choo cha jirani kimetitia.

Alhamisi, 17 Aprili

Dada Paskalina anauza vitumbua sasa, karibu na nguzo ya umeme njia ya Lemara. Akimaliza kuuza anazunguka kwa miguu kuwatembelea wale waliokuwa wagonjwa wake, mshahara sifuri. Nilipomwita Nathanaeli Bwana Muhuri, akaniambia nifunge mdomo. Kumbe yule jamaa ameandika barua tatu halmashauri. Alikwenda mpaka kwenye kikao cha bajeti, akakaa nyuma siku mbili akisubiri apewe dakika tano.

"Wakampa?"

"Wakampa tatu. Akawaambia stoo ina siku ngapi. Wakasema wameelewa, itaingia kwenye mwaka mpya."

"Julai."

"Julai." Akanitazama mdomoni. "Hicho kidonda ni cha nini?"

"Pilipili."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Paa la kanisa limevuja, mchungaji amehubiri na mwavuli.

Alhamisi, 24 Aprili

Naserian kabipu mara tatu. Najua kabla sijapiga. Vimeisha tena. Siku ya kumi na tisa tu.

Jumapili, 27 Aprili

Jana, sikukuu ya Muungano, nilikwenda na vidonge vyangu vyote vilivyobaki. Vilikuwa tisa. Nilipofika mvua ikafunga, korongo la chini likajaa mpaka likabeba mti mzima, na Lemburis akasema kwa maneno yake mafupi, "Utalala." Nikalazwa kwenye nyumba ile ile, upande wa pili wa kizuizi cha mabanzi, pamoja na ndama wawili. Sikulala. Ndama wananukia kama jirani zangu wa Sombetini.

Alfajiri, majogoo hayajamaliza, Naserian alitoka kwenda kukamua. Nikaona kupitia ufa wa mbao. Lemburis akaketi kitandani. Akasikiliza. Akasimama, akakitungua kibuyu polepole, akaingiza vidole viwili kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi, akafungua kitambaa changu, fundo langu mwenyewe, akatoa kidonge kimoja, akakimeza bila maji.

Halafu akafunga fundo vilevile nilivyolifunga mimi.

Ningeandika kwamba nilimrukia. Naandika sifa nyingi humu, lakini hilo sikufanya. Nilikuja kusema nilipomkuta zizini, anashika mlango wa mbuzi, na sauti ilitoka nyembamba kama ya layoni kweli.

"Shemeji. Umemeza nini?"

Akageuka. Nilidhani fimbo inakuja. Akaiegemea badala yake, akaanza kukohoa, na kikohozi kilipoisha akawa mfupi kuliko mimi.

"Umeniona."

"Nimekuona."

"Tangu lini unamletea?"

"Tangu tumbo lilipokuwa kubwa."

"Mimi nimejua mwaka mzima," akasema. "Niliona kitambaa siku kibuyu kilipopasuka. Vidonge nikavitambua. Ni vilevile vyangu."

"Vyako?"

"Lilikuwa linakuja gari la mradi mnadani, kila baada ya miezi mitatu. Sisi wachuuzi tulikuwa tunapewa kule nyuma ya gari, hakuna anayejua, wanasema tunapima presha. Kopo nilikuwa natupa njiani, linapiga kelele." Alitema mate pembeni. "Lilitakiwa kuja Januari, halijaja mpaka leo. Nimekwenda kila mnada. Nikakaa wiki tano bila kitu, mwili ukaanza kuisha. Nikachukua kimoja. Kesho yake nikajizuia. Kesho kutwa nikachukua."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyemletea ugonjwa? Mwaka mzima huu najua ni mimi."

"Amezaliwa nacho, Lemburis! Kama mimi!"

Mdomo wake ulibaki wazi, mvua ikawa inaingia.

"Lakini anazo nyingi," akasema mwishowe. "Ninyi wa mjini mnapewa za miezi sita. Nilidhani kwenye kibuyu anatia kidogo kidogo, nyingine kazificha. Nilidhani nachota kwenye ziwa."

"Ni thelathini. Ndizo zote. Na nyingine ni zangu mimi."

Alikaa chini kwenye samadi. Mtu mzima, na shuka yake.

Kumbe mwezi mzima nimeruka dawa zangu ili nimlishe Lemburis. Na kama vingekuwa kwenye kopo, Naserian angesikia siku ya kwanza. Nani aliyewafundisha hawa wote kunyamazisha vidonge? Sitaki kuandika jina lake hapa.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumeshuka wote watatu, kwa gari la maziwa. Naserian alikuwa ameambiwa na mumewe jana jioni. Alimimina chai, akampa. Hilo tu nililoona.

Dirishani nilianza kueleza kwa mbwembwe, Nathanaeli akainua mkono. Akamtazama Lemburis, akatazama tumbo la Naserian, akafunga dirisha, akatuita ndani. Lemburis hana kadi ya kuhamia wala barua, gari la mradi liliondoka na mafaili yake. Bwana Muhuri akamfungulia faili jipya, akagonga muhuri bila kudai barua yoyote. Akawapa kopo kopo. Na mimi akanisukumia moja kabla sijaomba.

"Umeruka ngapi?"

"Chache."

"Fungua mdomo." Akaona kidonda. Akaandika nikatolewe damu.

Nilimuuliza wakati Naserian ametoka kwenda chooni: zimebaki wiki mbili ajifungue, dawa itawahi kumkinga mtoto?

"Wiki mbili ni chache," akasema. Akavua tai, akaiweka mezani. Shingo yake ilikuwa na alama.

Alhamisi, 8 Mei

Mtoto wa kike, hospitali, saa kumi jioni. Wamemwita Nosim. Amepewa dawa ya maji tangu saa ya kwanza. Ana nywele kunizidi. Mvua imekatika kwa saa mbili hivi, kisha ikarudi.

Jumamosi, 24 Mei

Lemburis ananiita Lucky sasa. Nimegundua kwamba hata layoni nilikuwa nimeizoea.

Alhamisi, 19 Juni

Mvua imekwisha, imekuja baridi, ukungu mpaka saa nne. Wiki sita za Nosim. Wamemchoma kisigino, matone matano kwenye karatasi nene. Matone hayo yanatakiwa yafike maabara Moshi. Zamani kulikuwa na pikipiki ya mradi ya kubeba sampuli. Nathanaeli alisema halmashauri imepitisha fungu la wabebaji, litaanza Julai. Kwenye boksi kulikuwa na bahasha nyingine kumi na saba zinazosubiri, nyingine tangu Aprili. Wanawake kumi na saba wanaishi wakiambiwa Julai.

"Lete boksi," nikasema.

"Sina fungu la mafuta."

"Nimekuuliza mafuta?"

Nilipita kijiweni kujaza upepo. Boksi jeupe, alama nyekundu, limefungwa nyuma kwa mpira. Gadiel akaja na kofia yake.

"Oya Lucky, siku hizi unauza samaki?"

"Damu za watoto. Wanapimwa UKIMWI."

"Toa mkosi wako hapa! Nani kakutuma kubeba uchafu wa watu?"

Nilikuwa na kichekesho tayari, kizuri tu, kinahusu tumbo lake. Badala yake nikasikia nasema, "Mimi pia ninacho, Gadiel. Nimezaliwa nacho. Ushuru wako wa asubuhi umeninunulia kidonge, asante sana."

Mtoto wa kuosha pikipiki aliacha kumwaga maji. Nikapiga kiki, nikaondoka. Moshi kwa saa moja na dakika ishirini, hakuna atakayeivunja rekodi hiyo.

Ijumaa, 20 Juni

Abiria wawili tu. Gadiel amehamisha kiti chake upande mwingine.

Jumanne, 1 Julai

Julai imefika. Nathanaeli amebandika tangazo: wabebaji sampuli wawili, kwa mapato ya ndani. Dawa bado mwezi mmoja mmoja. Gari la mnadani, amesema, halimo kwenye bajeti hii. Nimemuuliza wachuuzi wangapi walikuwa wanachukulia pale. Hajui, mafaili hayapo.

Ijumaa, 11 Julai

Majibu ya Moshi nimeyabeba mwenyewe. Mimi ndiye mbebaji wa kwanza wa halmashauri, nina koti lenye mistari inayong'aa. Bahasha kumi na nane. Sikufungua hata moja. Niliziweka dirishani, nikasimama.

Nathanaeli alizifungua moja moja, anaandika. Alipofika kwenye moja akaweka kalamu chini. Nilijua kabla hajageuka.

Nosim anacho.

Dada Paskalina aliitwa kutoka kwenye vitumbua vyake ili awe pale wakati Naserian anaambiwa. Lemburis alikuwa amembeba mtoto. Naserian hakulia. Alinitazama mimi, na nikaona tuko tena klabuni, tuna miaka tisa, vifuniko vimepangwa kwenye ubao, na zamu ni yangu.

"Nilisema mimi," nikamwambia. "Nilikwambia hatakuwa nacho."

"Ulisema," akajibu.

Dawa ya mtoto ni vidonge vidogo vya kuyeyusha kwenye maji ya kijiko. Haikuwepo stoo, itakuja kesho.

Jumamosi, 12 Julai

Imekuja. Kikopo cheupe, kifuniko cha bluu. Nilikaa kitandani kwangu nikiwa nimetandika kitambaa, pamba pembeni, uzi mdomoni, mikono inafanya yenyewe.

Nikatema uzi.

Nimekifunga kikopo juu ya tangi, mbele kabisa, sikuweka hata tambara. Nilipita kijiweni. Cha-cha-cha. Gadiel akageuza uso. Ngaramtoni, cha-cha-cha, mama wa ndizi akasimama kuangalia. Barabara imekauka, makorongo yameacha mawe matupu, na kila jiwe kikopo kiliongea. Meru ilikuwa wazi mpaka kileleni.

Lemburis alinisikia kabla hajaniona. Alitoka langoni na mtoto begani, shangazi yake nesi amesimama nyuma yake, majirani wameinua vichwa kwenye mahindi. Alinyoosha mkono, akakipokea, akakitikisa mara moja sikioni mwake.

"Ngapi?" akauliza.

"Thelathini," nikasema. "Hesabu."

Akakaa chini pale pale langoni, mbele ya watu wote, akaanza kuhesabu.